Saa za Kule, Saa za Huku

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku imeanza na mkosi. Nimelamineti kitambulisho cha mteja, nimekifunga kwenye plastiki kikiwa kimekunjwa. Sasa kimekunjwa milele. Bosi ameniuliza kama dukani kwake nimekuja kujifunza kazi au kuiua. Nikamjibu kwamba vyote viwili vinahitaji kipaji. Hakucheka. Chai ya saa nne nikaisikia harufu tu. Najuta. Kitambulisho sikijutii, najutia mdomo.

Lakini jioni, habari! Mjomba anapita!

Mjomba ni mdogo wake Mama, kitinda mimba wa Bibi. Alikwenda ng'ambo mimi nikiwa bado nafungwa vifungo vya shati na watu wengine. Hajarudi hata mara moja. Sasa kazini wanamhamisha. Anatoka ule mji wake wa baridi, anakwenda mji mwingine wa mbali zaidi, na hapa kwetu anabadilisha ndege. Ni Jumamosi hii. Nyumbani hawezi kufika, muda hautoshi, lakini atatoka mpaka ukumbi wa wanaowasili akae na mama yake mpaka aitwe.

Habari ikamfikia Bibi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Macho yake hayana hali. Jicho moja limeshafunga duka. La pili linafunga taratibu. Daktari amesema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Jirani yetu alimuuliza juzi kama ni mtoto wa jicho. Bibi akamjibu kwamba angekuwa mtoto angeshaondoka kwenda ng'ambo kama wenzake.

Leo hakutania. Alisema tu kwamba sauti ya mwanawe ameisikia simuni miaka yote, imemtosha. Anataka kumwona, hili jicho la pili likiwa bado liko wazi.

Nyumba nzima ikanyamaza. Mimi nikapata wazo. Mimi watu wakinyamaza ndipo mawazo huja.


Jumanne, tarehe 4 Machi

Mama amenikabidhi tiketi! Mjomba aliipiga picha akaituma kwenye simu ya Mama, na humu ndani karatasi zote hupita kwangu. Ndiyo faida ya kuwa mtu wa nakala. Shule na mimi tuliachana kidato cha pili kwa amani, hakuna aliyemdai mwenzake. Lakini karatasi nazijua.

Tiketi inasema anaondoka kule Ijumaa saa tatu usiku. Anatua hapa Jumamosi saa tatu asubuhi. Anaruka tena saa nane mchana. Mama akasema basi, tutafika uwanjani saa tatu. Bibi akasema saa mbili.

Nikawazuia. Nikawaambia watulie, usafiri wa anga si kwenda sokoni. Nikawauliza: saa tatu ya wapi? Wakatazamana. Nikawaeleza kwamba jua haliwezi kuwa juu ya vichwa vyote kwa pamoja. Sisi tumeutangulia mji wa Mjomba kwa saa nne. Tiketi imeandikwa kule, na mtu wa kule, aliyevaa saa ya kule. Bibi akashika kidevu. Mama akaniuliza nimeyajulia wapi hayo. Nikatabasamu kama daktari bingwa.

Kazini, Bosi alipotoka, nikaivamia ramani ya dunia iliyo ukutani nyuma ya mashine. Nilibeba uzi wa Mama wa kushonea. Nikashika mji wa Mjomba kwa kidole gumba, nikavuta uzi mpaka kwetu, nikaupima kwa rula, nikazidisha kwa kile kipimo kilichoandikwa pembeni. Kilomita elfu kumi na mia nane! Ndege hukimbia kilomita mia tisa kwa saa. Gawanya. Saa kumi na mbili kamili, hazizidi wala hazipungui!

Sasa tazama. Kutoka saa tatu usiku mpaka saa tatu asubuhi ni saa ngapi? Kumi na mbili! Kwa hiyo ile saa tatu ni ya kule, mchana kweupe. Ongeza nne za huku. Mjomba anatua saa saba mchana. Na kuruka si saa nane, ni saa kumi na mbili jioni. Nilipiga kelele ya furaha. Mteja aliyekuwa anatoa nakala ya cheti cha ndoa akaangusha kalamu.

Dosari moja: nimeacha alama ya gumba lenye wino juu ya mji wa Mjomba. Bosi atadhani ni ziwa.


Jumatano, tarehe 5 Machi

Kamusi ananitafuta ubaya.

Kamusi ni binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa, anakaa nasi kwa sababu ya chuo. Jina lake la nyumbani alijipatia kwa kusahihisha watu mezani. Leo, mbele ya Mama na Bibi, ametangaza kwamba hesabu yangu ni ya mlevi. Eti tiketi huandika saa ya mahali ndege inapotua. Kuondoka, saa za kule. Kutua, saa za huku. Hakuna cha kuongeza. Eti ndege yenyewe inakaa angani saa nane tu, hizo nne nyingine ni tofauti ya saa, zimeshahesabiwa.

Nikamwambia aulize uzi.

Akaenda akarudi na tufe la dunia aliloazima chuoni, limepasuka upande wa chini. Akachukua uzi wangu, wangu mwenyewe, akaupitisha juu ya tufe, ukapanda kule juu karibu na barafu kisha ukashuka kwetu. Akapima. Kilomita elfu saba na kidogo. Akasema ramani ya ukutani imechukua kitu cha mviringo ikakibandika ubaoni, lazima huko juu ivutike, kama ganda la chungwa ukilikandamiza.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamuuliza ni rubani gani mwenye akili atakayetoka hapa kwenda pale kwa kuzungukia kwenye barafu. Mtu akitaka kwenda jikoni hupitia darini? Mama akacheka. Bibi akacheka. Mshindi mimi! Kamusi akasema kicheko si jibu. Nikamwambia aliyeshindwa huwa na maneno ya namna hiyo.

Tumewekeana dau. Atakayekosea anaosha vyombo mpaka Kamusi afunge mwaka wa masomo. Namhurumia mtoto wa watu. Ana mikono laini.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Sasa shajara, funga mlango, nikuambie siri.

Mimi sitaki tu Mjomba apokelewe. Nataka nimpokee mimi, kabla ya wengine. Bibi akifika atalia, Mama atalia, Mjomba atalia, na mimi nitakuwa wa kushika mikoba. Nani atasikiliza ombi la mtu mwenye mikoba? Nahitaji saa moja ya peke yangu. Saa moja tu nimweleze kwamba kipaji changu kinaozea kwenye mashine ya nakala na kwamba kule anakokwenda lazima wanahitaji kijana mchangamfu.

Kwa hiyo hesabu yangu inasema saa saba, nyumbani nimesema saa nane, eti lazima kwanza apite ukaguzi. Wao watakuja saa nane. Mimi nitakuwa pale saa saba, nimechana nywele. Si uongo. Ni kupanga foleni.

Nimelamineti vyeti vyangu vyote ili Mjomba aone mtu makini. Viko viwili. Kimoja ni cha ubatizo. Cha pili ni cha kushiriki mbio za magunia. Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo cha choo. Mama akagonga akauliza nazungumza na nani humo. Nikasema na tumbo.

Kamusi alitaka tumpigie Mjomba tumuulize, tumalize ubishi. Tumepiga. Laini yake ya kule ameshairudisha, haipatikani. Nilisikitika kwa sauti. Moyoni nikacheza ngoma.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kamusi ameondoka asubuhi, chuo kimempeleka mazoezi ya kazi mji mwingine. Kabla ya kupanda basi alimshika Mama mkono. Akamsihi waende tu saa tatu asubuhi. Ikiwa yeye ndiye aliyekosea, watakaa wasubiri, na kusubiri hakujaua mtu. Ikiwa mimi ndiye niliyekosea, basi.

Hakumalizia hilo basi.

Mama aliyumba. Nilimwona. Nikaona saa yangu moja inayeyuka. Hapo nikamtumia Bibi kama ngao. Nikamkumbusha Mama juu ya mgongo wa Bibi. Nikasema viti vya uwanja ule ni vya chuma, vina matundu, na kumkalisha mama yake juu ya matundu tangu saa tatu mpaka saa nane ni kumkaribisha Mjomba kwa maiti. Mama akasema nikome kutaja maiti. Lakini akakubali. Isitoshe ana gauni la bibi harusi la kumalizia, na bibi harusi amenenepa.

Nimemwomba Mama simu yake. Nimesema ni kwa ajili ya uratibu. Neno hilo lina nguvu, sijui kwa nini sikulijua shuleni. Akanipa.

Gari ni la jirani yetu Breki. Anaitwa Breki kwa sababu ndicho kitu ambacho gari lake halina uhakika nacho. Atawachukua kina Bibi. Mimi nitatangulia kwa miguu na basi.

Bibi ameniita jioni nimsaidie kuchagua gauni. La bluu au la njano? Nikasema la njano, litamulika. Akasema hajali kuonekana, anajali kuona. Kisha akaniuliza, mume wangu (ndivyo anavyoniita, tangu nizaliwe), una hakika na hiyo saa nane? Nikamwambia, mke wangu, mimi nikosee?

Akanipigapiga shavuni. Akasema amenikabidhi mwanawe.


Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia mlangoni.

Nilifika saa saba kasorobo. Nimenyoosha shati. Vyeti chini ya kwapa. Simu ya Mama nilikuwa nimeizima tangu alfajiri ili chaji ibaki ya picha zangu na Mjomba. Nikasimama palipo na watu wengi, nikaweka uso wa mtu anayesubiriwa. Watu wakatoka. Hakuna Mjomba. Nikasubiri. Wakatoka wengine. Hakuna Mjomba.

Nikaenda kwa dada wa maulizo. Nikamtajia ndege. Akasema ile ilitua asubuhi, kabla hata hajanywa chai. Nikacheka kwa upole, nikamwambia haiwezekani, bado iko angani. Akageuza kioo cha kompyuta nione. Nikatoa uzi. Ndiyo, nilikuwa nao mfukoni. Nikaanza kumweleza kilomita. Dada yule hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliniambia, kaka, hii imeshatua. Wewe unabishana na kitu kilichotua.

Nikarudisha uzi mfukoni.

Nikawasha simu ya Mama. Ikatetemeka mkononi kama panya. Namba nisiyoijua imepiga, imepiga, imepiga, tangu saa tatu na robo. Kisha ujumbe mmoja: "Dada, nimeazima simu ya mtu. Nimekaa hapa mbele, karibu na mlango. Mama yuko wapi?" Mwingine: "Mko njiani?" Wa mwisho ulikuwa wa saa sita na nusu. "Wameniita. Naingia ndani. Mwambie Mama nilikuwepo."

Nikapiga. Akapokea mwenye simu, baba mmoja mwenye sauti ya mafua. Akasema yule bwana ameshaingia. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba yule bwana hakukaa kitini hata mara moja.

Nikakimbilia mlango wa ukaguzi. Nikamwambia askari nina Mjomba ndani. Akaniuliza tiketi. Nikampa cheti cha mbio za magunia, mkono ulikosea. Akakisoma chote. Akanirudishia, akanipongeza.

Na hapo nikasikia honi ya Breki nje. Saa saba na nusu! Nusu saa kabla! Bibi alikuwa amevaa tangu alfajiri na alikataa kukaa. Akashuka na gauni la njano, mkono mmoja kwa Mama, anatazama kila upande kwa lile jicho moja, kwa kugeuza kichwa chote kama kuku. Akauliza, yuko wapi?

Mama alinitazama usoni mara moja tu. Akaichukua simu mkononi mwangu, akasoma. Akaweka kiganja mdomoni.

Ningesema hapo hapo. Najua. Nilifungua mdomo niseme. Badala yake mdomo ukasema twendeni juu, kwenye roshani ya wasindikizaji, wanapanda ndege sasa hivi, tutamwona!

Tukapanda ngazi. Bibi na mgongo wake, ngazi zote. Chini, abiria walikuwa wanatembea kwenye lami kuelekea ndege, mstari mrefu, jua kali, wadogo kama njiti. Nilitafuta. Naapa nilitafuta. Lakini sura ya Mjomba ninayoijua ni ya picha ya zamani, na kutoka juu kila mtu ni kichwa na begi. Bibi alikuwa ameshika chuma cha roshani, anauliza, yupi? Yupi? Mjukuu wangu, yupi?

Hakuniita mume wangu.

Nikanyoosha kidole. Nikasema yule pale, mwenye koti jeusi! Nikapiga mbinja. Yule mtu akainua uso, akaona kikongwe wa gauni la njano, akapunga mkono. Mtu mzima, mstaarabu, sijui nani. Bibi akapunga. Akapunga mpaka mlango wa ndege ukafungwa, na baada ya kufungwa akapunga kidogo.

Tukarudi garini. Breki, ambaye huzungumza hata na trafiki, alikaza macho barabarani. Mama alikuwa anatazama nje. Bibi alisema mara moja tu kwamba amependeza. Koti limemkaa.

Mimi nikasema ndiyo, Bibi, limemkaa.


Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimeosha vyombo. Hakuna aliyeniambia.

Mama haniongeleshi. Ananiongelesha kupitia vitu. Kwa mfano anauambia ufagio kwamba kuna watu wangefaa kufagiwa nje. Nimekubaliana na ufagio.

Nimejipa moyo kwamba angalau Bibi amemwona. Nimejiambia hivyo tangu niamke. Nikawaza hata kwamba ni akili, si kila kijana angewaza haraka vile. Ni kama niliokoa siku. Nikampelekea Bibi chai barazani, nikakaa miguuni pake, nikamuuliza kama amefurahi.

Akanywa. Akasema yule kijana wa jana alipunga kwa mkono wa kulia.

Nikasema ndiyo.

Akasema mwanawe ni wa mashoto. Alimchapa sana utotoni ili ale kwa mkono wa kulia, akashindwa yeye, mkono ule ukashinda. Na hatembei vile. Ukungu unaficha sura, akasema, mwendo hauufichi. Alijua kabla sijashusha kidole.

Nikataka baraza inimeze. Nikamuuliza kwa nini basi alipunga.

Akasema yule naye ni mtoto wa mtu. Amesafiri, hakuna aliyemsindikiza. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pembeni yake natetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, akaona akisema hapana, nitaanguka kutoka roshani.

Nililia. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Nililia kamasi zikaingia kwenye kikombe. Nikamwambia lile la saa moja ya peke yangu, na hotuba, na vyeti. Nikamwambia lile la viti vya chuma. Alisikiliza lote. Nilipofika kwenye mbio za magunia akaomba akione hicho cheti. Akakiweka karibu kabisa na lile jicho, akauliza nilikuwa wa ngapi. Nikasema nilianguka. Akasema alidhani hivyo.

Kisha akasema nisimguse kidogo, anataka kukaa kimya. Tukakaa. Alikuwa anafumba jicho moja, anafumbua, anafumba. Anapima kilichobaki.


Jumanne, tarehe 11 Machi

Mjomba amepiga! Amefika salama. Laini mpya, sauti ile ile.

Nilikimbilia chooni. Lakini ukuta wa choo chetu ni wa heshima tu, unasikia kila kitu. Hakumgombeza mtu. Alimwambia Mama kwamba alisimama pale mlangoni tangu saa tatu, na kila kikongwe aliyeingia alimwamkia. Shikamoo, shikamoo. Wengine walimkumbatia, wakadhani ni wa kwao. Mmoja alimuuliza ni mtoto wa nani, akasema ni mtoto wa mtu anayechelewa. Mama akacheka, kisha akakosa cha kufanya na hicho kicheko.

Mkataba wake mpya ni mrefu. Likizo ya kuja huku hamna karibuni. Alisema hivyo taratibu. Bibi akajibu kwamba hakuna neno, kazi ni kazi, ale vizuri.

Akaniulizia mimi! Nikashikilia bomba. Bibi akamwambia nipo, naumwa tumbo. Akamwambia mimi ni kijana mzuri ila nina haraka ya kufika. Bibi yangu. Kumdanganya mtu wa namna ile! Nimeapa, hapa, kwa wino wa Bosi: sitagusa tena saa ya mtu. Sitapima, sitajumlisha, sitatoa. Uzi nimeurudisha kwenye kikapu cha Mama.

Kazini nimekuwa mpole. Bosi amenigusa paji la uso kuona kama nina homa. Ameuliza pia lile ziwa kwenye ramani limetoka wapi.


Ijumaa, tarehe 14 Machi

Kamusi amekuja kwa siku moja tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Alinitazama nikisugua sufuria, akasema pale pembeni kuna ukoko. Afadhali angenitukana.

Amepanga jambo, na ni jambo zuri, nakiri. Mjomba atapiga simu ya picha, kesho Jumamosi, saa nne asubuhi. Amesema taa ya huko kwake ni kali, atakaa karibu na kioo cha simu, uso wote. Na Bibi asubuhi ndipo jicho lake huona vizuri. Mchana huchoka, na jioni ni vivuli tu. Daktari amemwambia Kamusi pembeni kwamba tusingoje ngoje. Mjomba naye ameomba ruhusa kazini kwa saa hiyo tu, na baada ya hapo wanawapeleka kambini ambako hakuna mtandao, mpaka sijui lini.

Kesho Mama ana bibi harusi wake, Kamusi ana basi la alfajiri. Nabaki mimi. Walinitazama muda mrefu. Kamusi akasema simu ya Mama itakaa juu ya meza sebuleni, imejaa chaji, sauti juu. Nisiizime, nisiihamishe, nisiishike mpaka Mjomba apige. Akipiga, kazi yangu ni kidole kimoja. Akaninyooshea hicho kidole nikione.

Nikaapa. Bibi akasema ananiamini. Mama akaongea na ufagio.


Jumamosi, tarehe 15 Machi

Saa tatu na nusu asubuhi. Kila kitu tayari. Simu mezani, sijaigusa. Bibi ameoga, amevaa lile la njano, amekaa kwenye kiti cha dirishani penye mwanga. Anauliza kila baada ya muda kama bado. Jicho lake leo liko vizuri. Ameona hata kifungo changu kilichokatika.

Nimekuwa mtu mpya. Ramani sitaki hata kuisikia, ilinidanganya. Sasa natumia akili tupu.

Na akili tupu imeniuliza: saa nne ya wapi?

Sitaki kuanza. Nimeapa. Lakini kuuliza si kugusa. Mji mpya wa Mjomba uko huko jua linakoanzia, wametutangulia kwa saa tano. Sasa mtu aliyekutangulia akisema tukutane mahali, anafanya nini? Anasimama, anakusubiri umfikie! Kwa hiyo saa nne, na hizo tano za kumfikia, ni saa tisa alasiri. Liko wazi kama kiganja. Kamusi mwenyewe alisema tofauti ya saa huhesabiwa. Safari ile kosa langu lilikuwa uzi. Leo sijatumia uzi.

Na Bibi amekaa wima tangu alfajiri, na mgongo ule! Mpaka saa tisa atakuwa amechoka, jicho litakuwa limechoka, halafu lawama kwa nani? Nimemweleza taratibu. Alisita. Alisema lakini Kamusi alisema saa nne. Nikamwambia, mke wangu, safari hii nimepiga hesabu kwa ajili yako, si kwa ajili yangu. Hilo ni kweli tupu. Akanipigapiga shavuni. Nimemshika mkono mpaka chumbani, nimemlaza, nimevuta pazia ili jicho lipumzike.

Najisikia vizuri kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Saa nne kamili. Simu inalia sebuleni. Namba ndefu, ya ajabu, haina jina. Watakuwa wale wa matangazo, huwa hawana haya. Kamusi alisema nisiishike mpaka Mjomba apige, na kiapo ni kiapo. Nimekaa juu ya mikono yangu.

Imekatika. Inalia tena.

Bibi anaita kutoka chumbani, anauliza ni nani huyo. Nimemjibu alale tu, bado tuna muda.